Mba si Uchafu: Askari Apelekwe Zahanati, Asipelekwe Adhabuni

Kuna maradhi ambayo hayamlazi mtu kitandani wala hayamwondolei hamu ya chakula. Kwa kuwa hayaui, hakuna anayeyauliza. Na kwa kuwa yako mahali pa kuonekana, kila mtu huyacheka. Mojawapo ya maradhi hayo ni mba, yaani ule unga mweupe unaodondoka kutoka kichwani na kutua mabegani mwa sare, pamoja na ndugu yake, ule ukavu wenye magamba na muwasho unaotokea katika nyusi, pembeni mwa pua, nyuma ya masikio na ndani ya ndevu. Leo tumeona yafaa tuzungumze na ndugu zetu askari na polisi juu ya jambo hili, kwa sababu limekuwa likihesabiwa kuwa dogo, hali sivyo lilivyo.

Tuanze na Gatumba. Kutoka katikati ya jiji la Bujumbura hadi hapo hazifiki kilomita ishirini, kwa barabara iendayo mpakani na kuendelea hadi Uvira. Mahali hapo pako katika bonde la mto Rusizi, karibu na mdomo wake katika Ziwa Tanganyika. Ni nchi ya joto. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, vumbi la barabara huingia kila mahali; na mvua zikija, maji ya Rusizi huweza kutoka katika kingo zake, kama yalivyofanya mwaka 2020 yalipowahamisha maelfu ya wakazi. Askari anayelinda mahali kama hapo huvaa kofia ngumu saa nyingi juani, hutoka jasho, na jasho hilo hukaukia kichwani. Huenda akarudi kambini jioni akakuta maji ya kuoga ni haba, na mtoni si mahali pa kuogea, kwani Rusizi ni makao ya mamba na viboko. Mwili wa namna hiyo ndio mba huupenda.

Tena askari wa mpakani hutazamwa kuliko askari mwingine yeyote. Mwezi Februari 2025, maelfu ya watu walipovuka kutoka Kongo wakikimbia vita, baadhi yao wakipitia Gatumba, uso wa kwanza wa Burundi waliouona ulikuwa uso wa askari au wa polisi. Hatusemi hivyo ili kumwongezea mtu aibu ya uso wake. Twasema hivyo ili ijulikane kwamba uso wa mlinzi wa nchi ni kitu cha kutunzwa, kama bunduki yake na buti zake zinavyotunzwa.

KISA CHA PAREDI

Sisi wenyewe, tulipokuwa wanafunzi wa uofisa, tulishuhudia kisa ambacho hatujakisahau. Asubuhi moja, wakati wa ukaguzi, mkufunzi mmoja alisimama mbele ya mwenzetu, akamtazama mabegani, akaona unga mweupe juu ya sare iliyopigwa pasi vizuri. Alimwita mchafu mbele ya kikosi kizima. Kisha akaamuru kwamba kwa siku tatu mfululizo mwenzetu huyo aoshe kichwa chake mbele yetu kwa sabuni ya kufulia, akikisugua kwa nguvu zake zote. Siku ya kwanza tulicheka. Siku ya pili tulicheka kidogo. Siku ya tatu ngozi ya paji la uso wake ilikuwa imechubuka na kutoa majimaji, na hakuna aliyecheka tena.

Mtu yule hakuwa mchafu. Alikuwa akioga mara mbili kwa siku, na sare zake zilikuwa safi kuliko zetu. Lakini tangu siku ile hakuivua kofia yake ila kwa amri. Likizo ilipofika alikwenda sokoni kwa siri, akanunua tyubu ya krimu aliyoambiwa kuwa huondoa kila doa, akaipaka usoni bila kumwuliza mtu. Wiki ya kwanza uso ukawa laini kama wa mtoto. Baada ya miezi miwili ukajaa chunusi, ngozi ikawa nyembamba, na kila alipoiacha krimu ile, magamba yalirudi kwa ukali zaidi.

Tumekileta kisa hiki kwa sababu makosa yote yanayofanywa juu ya mba yamo ndani yake: mkubwa kudhani kuwa maradhi ni uchafu, wenzake kucheka, mgonjwa kuficha, na hatimaye soko kuchukua nafasi ya mganga. Hebu tuyatazame moja baada ya jingine.

CHANZO CHAKE NI NINI?

Ngozi ya mwanadamu hujifanya upya daima. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda polepole, na baada ya muda upatao mwezi mmoja hufika juu, hufa na kupukutika. Chembe hizo ni ndogo mno, hata hatuzioni zinapoanguka. Kwa mtu mwenye mba mwendo huo huenda mbio: chembe hufika juu kabla ya wakati wake, zikiwa zimeshikamana, na huanguka kwa vipande ambavyo jicho huviona. Ndivyo ulivyo ule unga mweupe.

Kinachoufanya mwendo huo uende mbio ni nini? Juu ya ngozi ya kila mtu mzima, awe tajiri au maskini, aliyeoga au asiyeoga, huishi kuvu ndogo ya jamii ya hamira. Mwaka 1874 mganga Mfaransa aitwaye Louis-Charles Malassez aliieleza kuvu hiyo baada ya kuyachunguza magamba ya vichwa kwa hadubini, na mwaka 1889 jamii yake ikapewa jina la Malassezia kwa heshima yake. Chakula chake ni mafuta yanayotolewa na ngozi yenyewe. Kwa hiyo hukaa mahali penye mafuta mengi: kichwani, katika nyusi, pembeni mwa pua, masikioni, ndevuni na katikati ya kifua. Ikisha kula, huacha mabaki yenye asidi ya mafuta. Ngozi za watu wengine huyavumilia mabaki hayo. Ngozi za wengine hukasirika, huvimba kidogo, huwasha na kuanza kumwaga magamba.

Kwa maneno mengine, mwenye mba hana kitu ambacho jirani yake hana. Tofauti ni jinsi ngozi yake inavyopokea kitu ambacho sote tunacho. Ndiyo maana takriban nusu ya watu wazima duniani huonja mba wakati fulani katika maisha yao. Ndiyo maana pia mba haiambukizwi kwa kuazimana kofia wala kwa kulala bweni moja. Uchovu, mashaka ya moyo, kukosa usingizi na jasho linalokaukia kichwani huizidisha. Na ni nani asiyejua kwamba hayo ndiyo maisha ya mlinzi wa zamu ya usiku?

Hapa tungependa kusahihisha jambo moja. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa Ulaya, navyo husema kwamba maradhi haya huonekana kama wekundu usoni. Katika ngozi nyeusi wekundu huo ni taabu kuuona. Mara nyingi sisi huona mabaka yaliyopauka kuliko ngozi inayoyazunguka, pengine yakijipinda kama duara, yenye magamba membamba juu yake. Basi mtu hushikwa na hofu. Mmoja husema ni mabalanga, mwingine husema ni ukoma, wa tatu husema amerogwa na jirani. Kumbe ni kuvu ile ile na ngozi ile ile iliyokasirika. Ikitibiwa, magamba huisha kwanza, na rangi hurudi polepole baada ya wiki au miezi. Asiyelijua hilo huona baka bado lipo, akaiacha dawa iliyokuwa inamfaa na kukimbilia iliyo mbaya.

SI KILA GAMBA NI MBA

Pamoja na hayo, si kila kinachopukutika ni mba, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya kumwona mganga. Mapunye na choa pia ni kuvu, lakini hizo huambukizwa. Huleta duara lenye ukingo ulioinuka, na kichwani huweza kukata nywele na kuacha upara. Hizo ndizo zinazosafiri kwa kofia ya kuazima, kwa taulo la watu wawili, na kwa mashine ya kinyozi wa kambi isiyosafishwa. Pumu ya ngozi nayo huwasha sana, na aghalabu huanza utotoni. Upo pia ugonjwa uitwao soriasisi, wenye magamba mazito ya rangi ya fedha, ambao hupenda viwiko na magoti pamoja na kichwa.

Kisha kuna vipele vya ndevu, ambavyo askari wengi huvijua kuliko wanavyoijua mba. Ndevu zetu zimejikunja. Wembe ukizikata chini mno, ncha yake kali hurudi ndani ya ngozi kama mwiba, na mahali hapo huvimba. Hayo si mba, ingawa mtu mmoja huweza kuwa na yote mawili. Dawa yake ya kwanza ni kunyoa kwa kufuata mwelekeo wa ndevu, ngozi ikiwa imelowa maji ya uvuguvugu, bila kuivuta ngozi na bila kurudiarudia mahali pamoja. Iliyo bora zaidi ni kutumia mashine inayoacha ndevu fupi kiasi cha milimita moja. Majeshi mengine yamelifikiria jambo la ndevu upya. Jeshi la nchi kavu la Uingereza liliruhusu ndevu zilizotunzwa mwezi Machi 2024. Sisi hatusemi kwamba kila jeshi liige. Twasema tu kwamba cheti cha mganga kinachomwombea askari wiki chache bila wembe kisichukuliwe kuwa ni uasi.

TIBA IPO, NA SI YA ANASA

Yapasa tuseme kweli tangu mwanzo: mba haiondolewi moja kwa moja. Hutulizwa, na ikitulizwa vizuri hukaa kimya kwa muda mrefu, kisha huweza kurudi. Mwenye kuahidi kuimaliza kwa siku tatu ni mwongo. Lakini kuituliza si kazi ngumu.

Dawa yenye sifa kubwa ni shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2. Nyingine ni zenye zinki pirithioni au seleniamu salfaidi. Zote huipunguza ile kuvu. Watu wengi wanaolalamika kwamba shampuu hizi hazifanyi kazi huzipaka na kuziosha papo hapo. Ngozi inapaswa kulowa, povu lisuguliwe kwa ncha za vidole wala si kwa kucha, kisha liachwe kwa dakika tano hivi. Hapo dawa hupata nafasi ya kufanya kazi yake, ndipo isuuzwe. Fanya hivyo mara mbili kwa juma kwa muda wa majuma mawili hadi manne; hali ikitulia, mara moja kwa juma au kwa majuma mawili yatosha kuilinda. Povu hilo hilo laweza kupitishwa kwenye nyusi, ndevu na kando ya pua, macho yakiwa yamefumbwa. Dada zetu askari na polisi waliosuka nywele, ambao nywele zao hukauka upesi, mara moja kwa juma huwatosha, dawa ikifika kwenye ngozi katika mistari ya msuko.

Uso ukiwa na mabaka, mganga huweza kutoa krimu ya ketokonazoli, au haidrokotisoni nyepesi ya asilimia 1 kwa siku chache tu. Uso uoshwe kwa sabuni laini na maji ya kawaida, si kwa sabuni ya kufulia wala kwa kusugua kwa jiwe au dodoki gumu. Ngozi iliyokasirika haitulizwi kwa kupigwa.

Sasa tuyataje yale yasiyofaa. La kwanza ni mafuta. Katika mwambao wote wa Ziwa Tanganyika watu hujipaka mafuta ya mawese na ya mise, na wengine ya nazi, wakidhani kwamba magamba ni ukavu wa kawaida. Mafuta huyalaza magamba kwa saa chache, lakini kuvu ile hula mafuta! Mwenye mba anayeyaacha mafuta hayo kichwani mchana na usiku anamwandalia adui yake karamu. La pili ni limau. Maji ya limau yakikaa kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi huungua na kuacha weusi wa muda mrefu. Na jua la Gatumba si jua la kufanyia mchezo. La tatu ni mafuta ya taa, ambayo huchoma ngozi na huweza kushika moto. La nne ni vidonge vya ketokonazoli vinavyouzwa kwa kificho. Dawa hiyo ya kupaka ni salama, bali ya kumeza huweza kuharibu ini vibaya. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza vidonge hivyo visimamishwe kwa ajili ya maradhi ya kuvu, na mwaka huo huo Marekani ikabana matumizi yake. Asidanganywe mtu kumeza sumu ya ini kwa ajili ya unga wa mabegani.

La tano, nalo ndilo baya kuliko yote sokoni, ni krimu za kung'arisha uso. Nyingi zimetiwa dawa kali za jamii ya steroidi, kama klobetasoli au betamethasoni. Dawa hizo zina kazi yake mikononi mwa mganga. Zikipakwa usoni kwa miezi bila uangalizi hupunguza unene wa ngozi, huleta chunusi na michirizi, na huficha choa kisijulikane huku kikitambaa. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo kwa matumizi ya muda mrefu huweza kuleta weusi usiofutika, kinyume cha kile mnunuzi alichotaka. Nyingine zina zebaki, ambayo hudhuru figo; mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje vipodozi vyenye zaidi ya kiasi kidogo mno cha sumu hiyo. Polisi na walinzi wa mpaka wana nafasi yao hapa, kwani bidhaa za namna hii hupenda kupita kwa magendo. Itakuwa ajabu mlinzi akamate shehena mchana, na usiku ajipake tyubu ya shehena ile ile.

DALILI INAYOPASA KUSIKILIZWA

Tumefika mahali ambapo maneno yetu hayana budi kuwa mazito, nasi tunaomba msomaji asiruke.

Mara nyingi mba ni mba tu. Ile hali kali zaidi, yenye mabaka ya uso na magamba mazito, huwapata watu wazima kama 1 hadi 3 katika kila 100. Lakini kwa watu wenye virusi vya UKIMWI wasiotibiwa, tafiti za nchi mbalimbali zimewakuta na hali hiyo watu kuanzia 30 hadi zaidi ya 80 katika kila 100. Kinga ya mwili ikipungua, kuvu na ngozi huanza ugomvi wao kwa ukali. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limeiweka hali hiyo miongoni mwa dalili za hatua ya pili ya maambukizo ya VVU.

Tusieleweke vibaya. Wengi sana wenye mba hawana virusi hivyo, na mtu yeyote anayemnyooshea mwenzake kidole kwa sababu ya magamba ya uso ni mjinga na mkatili. Virusi havisomwi usoni; husomwa kwa kipimo cha damu. Tunachosema ni hiki: kama magamba yamekuja ghafla kwa mtu mzima, yameenea usoni na kifuani, hayasikii dawa iliyotumiwa sawasawa kwa mwezi mmoja, au yamefuatana na kupungua uzito, homa za mara kwa mara, mkanda wa jeshi au vidonda vya kinywa, basi mtu huyo aende akapime. Akikutwa salama, amepata amani ya moyo. Akikutwa na virusi, amepata miaka, kwani dawa za kufubaza virusi hutolewa bila malipo, na mwenye kuzitumia vizuri hufanya kazi, huoa, huzaa watoto wasio na maambukizo, na hulinda nchi yake kama mwingine. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi yaweza kuficha gamba. Haifichi kinachoendelea chini yake.

Majeshi yetu yamewahi kujifunza jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2009, huko Mogadishu, askari wa Umoja wa Afrika, wakiwamo Warundi waliokuwa huko tangu Desemba 2007 na wenzao wa Uganda, walianza kuvimba miguu. Mguu kuvimba ni jambo ambalo mtu angeweza kulisingizia buti. Lakini kabla ugonjwa haujatulia mwaka 2010, askari zaidi ya 200 walikuwa wamevimba na baadhi yao kufariki dunia. Uchunguzi ukaonyesha kwamba chakula chao kilipungukiwa vitamini B1. Ugonjwa huo huitwa beriberi, na dawa yake ni vitamini hiyo hiyo. Mwili wa askari hutoa taarifa kabla haujaanguka. Kazi ya kamanda mwema ni kuipokea taarifa hiyo, kama anavyoipokea taarifa ya doria.

WITO WETU

Kwa makamanda na wakaguzi tunasema hivi: ukaguzi wa asubuhi ni jambo jema, nasi hatutaki ulegee hata kidogo. Sare iwe safi, buti zing'ae, nywele ziwe fupi. Lakini unapoona unga mweupe begani mwa askari ambaye sare yake ni safi na mwili wake ni safi, usimwite mchafu. Mwambie kwa sauti ya chini, baada ya paredi, aende zahanati. Nidhamu haipungui kwa neno la faragha. Huongezeka, kwa sababu askari aliyehifadhiwa heshima yake huihifadhi heshima ya kikosi. Kumwadhibu mtu kwa maradhi ni kuwafundisha wengine wote kuficha yao, na kikosi kinachoficha maradhi hakijui nguvu zake zenyewe.

Kwa waganga wa vikosi tunaomba mambo matatu. Shampuu ya kuzuia kuvu na krimu yake ziwekwe katika zahanati, hasa katika vituo vya bondeni kama Gatumba, zisionekane kuwa vipodozi vya wanawake bali dawa kama dawa nyingine. Atakayehitaji uchunguzi zaidi apewe barua ya kwenda hospitali, kama ile ya kijeshi ya Kamenge, bila kuzungushwa. Na siri ya mgonjwa iwe siri, hasa pale kipimo cha damu kinapohusika. Siri ikivuja mara moja, zahanati hiyo haitapata mgonjwa mkweli kwa miaka kumi.

Kwa wanaopanga mahitaji ya vituo tunasema: maji ya kuoga ni sehemu ya silaha. Askari asiyepata ndoo ya maji baada ya kuvaa kofia ngumu mchana kutwa hawezi kulaumiwa kwa kichwa chake. Na kinyozi wa kambi apewe spiriti ya kusafishia mashine na wembe mpya kwa kila mtu. Hilo litazuia choa na mapunye, na litazuia pia maradhi ya damu ambayo ni mabaya zaidi.

Na kwako, ndugu askari, na kwako, ndugu polisi, neno letu ni fupi. Kofia yako iwe yako, uifue na uianike juani. Ukitoka doria vua kofia, kichwa kipate hewa. Osha kichwa kwa utaratibu tuliouandika. Usinunue krimu ambayo muuzaji wake hawezi kukuambia imetiwa nini. Na mwenzako akiwa na magamba usoni, usimcheke. Huenda kesho zamu ikawa yako, kwa maana kuvu ile inaishi juu ya ngozi yako pia, inangoja tu siku utakapochoka.

Yule mwenzetu wa zamani aliponea kwa mganga msaidizi mmoja mpole, aliyemwita kando, akamwachisha krimu ya soko polepole, akampa chupa ya shampuu na kumwonyesha jinsi ya kuihesabu dakika tano kwa saa ya mkononi. Hakuna zaidi ya hapo kilichohitajika. Siku tatu za aibu, miezi ya kuuharibu uso na mwaka mzima wa kujificha chini ya kofia vingeweza kuepukwa na mtu mmoja tu kusema, "Kijana, nenda ukamwone mganga."

Sisi tuliokuwa tumesimama katika mstari ule, tukacheka siku ya kwanza, tunakiri kwamba tulikosa. Tunaandika haya ili paredi ya kesho, Gatumba na kwingineko, isiwe na watu wa kucheka.